Picha ya Kale na Picha ya Sasa Katika Sebule Moja

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita nyumbani kwangu kulizuka ugomvi. Haukuwa ugomvi wa kuitana wazee, bali ule mdogo wa kugombea kioo. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 14, alikuja na filamu mpya ya mapigano ndani ya kile kidude chao kidogo kama kiberiti, akakichomeka kwenye televisheni bila kumwuliza mtu. Kumbe bibi yake alikuwa ameahidiwa tangu Jumatatu kwamba siku hiyo ataona Mother India. Kijana akasema, "Bibi, hiyo umekwisha kuiona mara ngapi?" Bibi yake akamjibu, "Na wewe wali umekwisha kuula mara ngapi?"

Mimi nikageuka hakimu. Nikaamua kwamba zote mbili zionyeshwe, ya kale kwanza na ya sasa baadaye, na kwamba hakuna ruhusa ya mtu kuondoka wakati wa picha ya mwenziwe. Hukumu ile ndiyo iliyonipa mazungumzo ya leo. Nataka tutazame pamoja jinsi sinema ilivyotoka ukumbini ikahamia sebuleni, tulichopata kwa safari hiyo na tulichopoteza. Mwisho nitaungama kosa langu mwenyewe, ambalo sijapata kulisema hadharani.

Tuanze mbali kidogo. Wengi wetu tunadhani kwamba sinema ilizaliwa ikiwa ya watu wengi. La hasha. Mwaka 1894 mjini New York walianza kuonyesha kwa malipo mashine ya Edison iliyoitwa Kinetoscope. Ilikuwa sanduku refu lenye tundu juu yake. Mtu mmoja aliinama, akachungulia, akaona picha zikitembea kwa muda mfupi, kisha akampisha mwenziwe. Ni Wafaransa wawili, ndugu Auguste na Louis Lumière, waliozitoa picha ndani ya sanduku na kuzimulika ukutani. Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha mkahawa mmoja mjini Paris, watu walilipa kiingilio wakakaa pamoja gizani kutazama kitu kimoja. Tangu siku hiyo sinema ikawa jambo la umma, kama ngoma au maulidi. Naomba msikilizaji uliweke akilini hili sanduku lenye tundu, maana tutalirudia.

Huku kwetu pwani sinema haikuchelewa. Unguja, jumba la Royal, lililochorwa na John Sinclair, yule yule aliyechora majengo mengine mengi ya serikali ya kikoloni, lilifunguliwa mwaka 1921. Liliungua moto mwaka 1954, na mahali pake pakajengwa Majestic. Dar es Salaam tulikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon na nyinginezo, na mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In kule Msasani, ambako watu walitazama picha wakiwa ndani ya magari yao, na wengine wakiwa wamekaa chini kwenye mikeka. Kiwanja kile leo kina ubalozi wa Marekani, uliojengwa baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998.

Mimi nilipelekwa sinema kwa mara ya kwanza na kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Picha ilikuwa hiyo hiyo Mother India. Ilikuwa imetengenezwa mwaka 1957, na miaka ilikuwa imepita, lakini picha nzuri ya Kihindi siku zile haikuchakaa kwa watu. Ilirudishwa mara kwa mara, na kila iliporudi foleni ilizunguka jengo. Walanguzi wa tiketi walifanya biashara yao pembeni kana kwamba wanauza mbegu za ufuta. Yalikuwapo pia maonyesho ya wanawake peke yao, na mama zetu walitoka huko macho yamevimba kwa kilio, wamefurahi kupita kiasi.

Kaka hakuwa amesoma Kihindi mahali popote. Alikuwa amekinasa humo humo ukumbini, neno moja leo, neno jingine wiki ijayo. Alininong'oneza sikioni: "Huyu ni mkopeshaji, mbaya sana. Huyu mama ameuza bangili zake." Mara nyingine alikosea, kwa kuwa nilipokuja kukua nikaona kwamba baadhi ya alivyonieleza havimo kabisa ndani ya picha. Hata hivyo mpaka leo naijua picha ile kwa sauti yake. Nikiitazama sasa, yenye maandishi ya tafsiri chini, naona kama maandishi ndiyo yanayokosea.

Watazamaji wa leo hawajui uzito wa kitu kilichokuwa kikionyeshwa. Gurudumu moja la mkanda wa sinema wa futi 1,000 huisha kwa takriban dakika 11. Mother India ni ya dakika 172, yaani karibu saa tatu, kwa hiyo kwa hesabu hiyo ni magurudumu 16 ya mkanda. Magurudumu hayo yalisafiri kwa meli ndani ya makasha ya bati, yakapakuliwa, yakabebwa mpaka chumba cha opareta. Mkanda ukikatika, giza likiingia, ukumbi mzima ulipiga miluzi na kumtukana opareta, ambaye huko juu alikuwa akiunga mkanda kwa mkono huku jasho likimtiririka. Hapakuwa na mtu yeyote, hata tajiri, aliyeweza kusema: "Leo nyumbani kwangu tutatazama picha fulani." Mji ulitazama kile kilicholetwa.

Kuna historia nyingine ambayo watu wa mjini tumeisahau. Kabla ya sisi kwenda kwenye sinema, sinema iliwafuata watu vijijini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza picha za mafunzo kwa ajili ya Waafrika. Zilitengenezwa picha zipatazo 35, juu ya kilimo, afya, kodi na akiba ya posta, na waigizaji wake walikuwa Waafrika. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, na lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Zilikuwa picha za mtawala anayemfundisha mtawaliwa, tusijidanganye. Hata hivyo, ndani yake walikuwamo babu zetu, nyuso zao na mwendo wao. Zilizobaki mpaka leo ni chache mno, na zimehifadhiwa Uingereza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja picha nyingine. Mojawapo, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, iliitwa Muhogo Mchungu. Kijana aliyeigiza humo alikuwa mtumishi wa serikali aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Naam, Kawawa huyo huyo, Simba wa Vita, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, na Waziri Mkuu wa Tanzania kuanzia 1972 hadi 1977. Nilipomwambia mjukuu wangu kwamba Waziri Mkuu wetu aliwahi kuwa stelingi wa sinema, alidhani namtania. Akataka nimwonyeshe. Sikuwa nayo, na sijui nyumba hata moja mtaani kwetu iliyo nayo. Picha za Bombay na Hong Kong za zama zile tunazo. Ya Kawawa hatuna.

Sasa turudi kwenye safari ya kuingia nyumbani. Zanzibar ilipata televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi kubwa zilikuwa bado na ile nyeusi na nyeupe. Kenya ilikuwa imeanza tangu 1962. Tanzania Bara tulichagua redio kwanza, na kwa zaidi ya miaka 20 hatukuwa na kituo chetu. Huku Dar es Salaam, wenye uwezo wao walisimamisha milingoti mirefu juu ya mapaa ili kunasa matangazo ya Unguja, na upepo ukivuma picha zilijaa chenga. Mpaka mwaka 1994, vituo vya binafsi vilipoanza, Bara haikuwa na televisheni ya kwake.

Lakini kabla ya kituo kuja, kioo kilikuwa kimekwisha kuingia, na kilicholeta kioo ni deki. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Betamax. Mwaka uliofuata kampuni ya JVC ikatoa VHS. Wakubwa wa sinema kule Marekani waliona hatari mara moja. Walikwenda mahakamani kudai kwamba mtu akirekodi nyumbani kilichoonyeshwa kwenye televisheni anakuwa mwizi. Kesi ilifika mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile, na mwaka 1984 majaji watano dhidi ya wanne wakasema kwamba mtu kurekodi ili aje atazame baadaye si kosa. Tofauti ya jaji mmoja tu! Kwa jaji huyo mmoja, haki ya mtu kukaa na picha nyumbani kwake, na kuitazama saa anayotaka yeye, ilipata mguu wa kusimamia.

Huku kwetu hatukungoja majaji. Miaka ya 1980 mtu aliyerudi kutoka Dubai au Maskati na deki alipata wageni wengi kuliko mwenye gari. Viatu vilijaa kibarazani. Kina mama walikaa mbele kwenye mkeka, watoto wakajipenyeza chini ya meza, na wanaume wakasimama dirishani wakijifanya wanapita tu. Kisha yakafunguliwa maduka ya kukodisha mikanda. Ulikwenda Ijumaa jioni ukachagua, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tukajua raha ya kuchanganya. Mtu aliondoka na mikanda miwili kwapani: mmoja wa Raj Kapoor wa mwaka 1951, mwingine wa mapigano uliotoka mwaka jana. Ukumbini usingeweza kufanya hivyo kamwe.

Kila raha ina gharama yake. Mikanda mingi tuliyokodi ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Rangi zilichujuka, sauti ikawa kama mtu anazungumza ndani ya mtungi, na chini ya kioo mstari mweupe uliruka tangu mwanzo mpaka mwisho. Deki nayo ilikuwa na tabia ya kula mkanda. Na kumbi zetu, ambazo zilikuwa zimekwisha kudhoofishwa na ukosefu wa fedha za kigeni na picha chakavu, sasa zikakosa watu kabisa. Moja baada ya nyingine zilifungwa. Nyingine zikawa maghala, nyingine maduka, nyingine nyumba za ibada.

Kwa wasiokuwa na deki kulikuwa na banda la video, ambalo vijana walilibatiza jina la "kibanda umiza". Mabenchi ya mbao, joto la tanuri, kioo kidogo mbele, na watoto waliotoroka shule. Wazazi tuliyapiga vita mabanda yale, na tulikuwa na sababu. Lakini mabanda hayo ndiyo yaliyokuza wale watafsiri waliopachika sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Hapa kwetu jina la Lufufu lilitosha kuuza mkanda. Kenya wana DJ Afro. Uganda watafsiri wa namna hiyo wana jina la heshima mtaani. Wasomi waliwacheka kwamba wanaongeza chumvi. Mimi niliposikia mkanda wa Lufufu kwa mara ya kwanza niliinamisha kichwa, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kazi ile ile ya kaka yangu gizani. Mtu anayejua kidogo anamweleza asiyejua kabisa, na anaongeza pale anapoona pamepwaya.

Kisha likatokea jambo ambalo mataifa mengi hawakulijua. Katika nchi nyingi filamu ilianza ukumbini ikaishia nyumbani. Filamu za Kiswahili zilizoitwa Bongo Movie zilianzia nyumbani moja kwa moja, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umekwisha kufa. Zilitengenezwa kwa kamera za video, zikauzwa kwa mkanda na baadaye kwa sahani, zikatazamwa sebuleni na ndani ya mabasi ya mikoani. Marehemu Steven Kanumba, aliyefika mpaka kuigiza na Wanaijeria katika Dar 2 Lagos ya mwaka 2006, alikuwa ndugu wa kila nyumba ingawa watu wengi hawakupata kumwona kwenye pazia kubwa hata siku moja. Alipofariki Aprili 2012, maelfu ya watu walijaa kumzika. Walikuwa wakimzika mtu waliyekuwa wakikaa naye chumbani.

Hivi karibuni nilimwuliza mjukuu wangu kama anamjua Kanumba. Akasema, "Yule wa zamani?" Nilishtuka. Kwangu mimi Kanumba ni wa juzi. Lakini kijana huyu hakuwa na fahamu Kanumba alipokufa, kwa hiyo kwake Kanumba na Raj Kapoor wako kwenye rafu moja. Hapo nilitambua kwamba "kale" si mahali pamoja. Ni mstari unaosogea, na kila mwaka unakula kitu ambacho jana tulikiita kipya. Ndiyo maana naona si busara mtu kujigamba kwamba yeye ni wa picha mpya tu. Atapitwa akiwa amekaa.

Sasa nifike penye uchungu. Mtu anaweza kusema: "Mzee, una wasiwasi gani? Siku hizi kila kitu kipo, bonyeza tu." Sivyo, ndugu zangu. India ilitengeneza picha yake ya kwanza yenye sauti mwaka 1931, nayo iliitwa Alam Ara. Watu walijaa barabarani kuigombea. Leo hakuna nakala yake hata moja inayojulikana. Marekani, nchi yenye mali na maghala, ilitoa filamu ndefu karibu 11,000 za zama za ububu kati ya 1912 na 1929. Uchunguzi uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo mwaka 2013 ulionyesha kwamba zilizobaki kamili katika hali yake ya awali ni asilimia 14 tu. Nyingine ziliungua, kwa kuwa mikanda ya zamani ilishika moto kama karatasi. Nyingine ziliyeyushwa ili kupata fedha iliyomo ndani yake. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, katika miaka ya 1960 na 1970 lilifuta vipindi vyake vingi ili mikanda itumike tena. Mkanda ulikuwa ghali, na hakuna aliyedhani kwamba mtu atataka kukiona tena kipindi cha mwaka jana.

Niliposoma habari za BBC kwa mara ya kwanza nilitikisa kichwa kwa dharau. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilifanya vivyo hivyo.

Mwaka 1989 mdogo wangu wa kike aliolewa, na tulichanga fedha tukakodi mpiga picha za video. Katika mkanda ule mama yetu alionekana kwa kiasi cha dakika mbili. Alikuwa ametoka jikoni, kanga moja kiunoni na nyingine begani, akampungia mkono mwenye kamera aondoke, asimpige picha mtu aliyechoka. Kisha akacheka, akajifunika uso kwa kanga. Hayo tu. Mama alifariki mwaka 1993, na hizo dakika mbili ndizo pekee zilizomwonyesha akitembea na kucheka.

Mwaka 1996, usiku mmoja, televisheni ilitangaza filamu ya mapigano niliyokuwa nikiisikia sifa zake. Mkanda mtupu sikuwa nao, na duka lilikuwa limefungwa. Nikatafuta katika kabati mkanda wowote usio na maana. Nikaupata mmoja ambao karatasi ya jina ilikuwa imebanduka, nikauingiza, nikabonyeza kitufe chekundu, nikaketi kutazama. Nilirekodi saa mbili kasoro. Filamu yenyewe leo hata jina lake silikumbuki vizuri.

Tuligundua baada ya miezi, mdogo wangu alipokuja kuuomba mkanda ili watoto wake wamwone bibi yao. Tuliketi wote. Badala ya ngoma za harusi wakatokea watu wanapigana mateke. Mke wangu alisimama, akazima deki, akaenda jikoni. Mpaka leo hajanisemesha juu ya jambo hilo, na mdogo wangu naye hakunilaumu kwa neno. Wangenilaumu ingekuwa nafuu.

Nimelisema hili redioni kwa sababu najua siko peke yangu. Katika makabati yetu, chini ya vitanda na juu ya dari, imo mikanda ya harusi, mahafali, hotuba, michezo ya kuigiza na vipindi ambavyo pengine hata vituo vyenyewe havinavyo. Koga inaila. Na mashine ya kuitazamia inatoweka: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuendelea kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Kila deki inayokufa sasa ni mlango unaofungwa.

Basi nifanye nini, utaniuliza. Nina mambo matatu tu, na yote yako ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida. La kwanza, andika jina juu ya kila mkanda na kila sahani, na uandike kwa wino, si kwa kumbukumbu. La pili, kabla mkanda haujashika koga, mtafute fundi mwenye deki nzima auhamishie kwenye kompyuta, kisha nakala zikae nyumba mbili tofauti, maana nyumba moja inaweza kuungua. La tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, itazame. Vitu tunavyovitazama ndivyo tunavyovikumbuka kuvitunza. Mother India haikudumu kwa sababu ya ubora wake tu. Imedumu kwa kuwa kila kizazi kilikuwa na bibi aliyeidai Jumamosi. Hata Wahindi wenyewe, waliipaka rangi Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 wakairudisha kwenye kumbi mwaka 2004, wakijua kwamba kuna watu watakaokwenda na wazee wao.

Nililiacha lile sanduku la Edison njiani, sasa nilirudie. Safari ya sinema ilianza na mtu mmoja anayechungulia tunduni. Ikaenda kwenye ukumbi wa mamia, ikaja kwenye mkeka wa jirani, ikafika sebuleni. Leo mjukuu wangu anajifunika shuka, simu mkononi, vipokea sauti masikioni, anatazama peke yake. Tumerudi kwenye tundu. Sina ugomvi na simu. Ina picha nyingi kuliko kumbi zote za Dar es Salaam za enzi zetu zikijumlishwa. Lakini tunduni hakuna nafasi ya kaka wa kukunong'oneza, wala bibi wa kukukatalia.

Jumamosi ile tulianza na Mother India kama nilivyoamuru. Kijana alianza kwa kuhema na kujinyoosha. Baada ya saa moja aliacha kuhema. Ilipofika mwisho, pale mama anapoinua bunduki na kumpiga mwanawe mwenyewe kwa kuwa amemteka binti wa watu, kijana aliruka kitini. "Babu, mbona mama amemuua stelingi? Stelingi si hafi!" Kabla sijafungua kinywa, bibi yake akasema, "Nani kakwambia yule ndiye stelingi? Stelingi ni mama." Kijana alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha ikawa zamu yake. Tukatazama filamu yake mpya, na bibi yake, aliyekuwa ameapa kusinzia, akawa anauliza kila dakika, "Huyu naye kafanya nini? Mama yake yuko wapi?" Na mjukuu akamweleza, pengine na kuongeza chumvi kidogo.

Usiku ule nilimsimulia kisa cha mkanda wa harusi. Aliniuliza swali ambalo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza: "Kwani Babu, nakala ilikuwa moja tu?" Asubuhi alianza kupiga simu kwa ndugu, mmoja baada ya mwingine. Kuna shangazi yetu Tanga mwenye sanduku la mikanda isiyo na majina, na anadhani mmojawapo ni wa harusi ile, ila hana uhakika, na deki yake ilikufa zamani. Nimemwomba aje nao mwenyewe mkononi, asiutume kwa basi. Fundi nimekwisha kumpata.

Ukiwa wenyewe, nitawaambia. Na usipokuwa wenyewe, utakuwa mkanda wa mtu mwingine mwenye mama yake ndani, nasi tutaandika jina juu yake.